Sura ya Tano: Huku Chini Panauma

"Vipimo vyote ni safi. Mbona bado naumia?"

Katika maswali ambayo wanaume huniuliza kwa sauti ya chini, hili ndilo linalorudi mara nyingi kuliko yote. Huulizwa pembeni, wengine wakishaondoka, au huja kwa ujumbe wa simu uliotumwa usiku wa manane. Mwenye swali amekwisha kupima mkojo mara tatu. Amepima kisonono na kaswende, pengine amepigwa na picha ya altrasaundi. Karatasi zote zinasema hana kitu. Lakini akikaa kitini kwa saa moja, kuna kitu kinamchoma kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Akitoka kukojoa, haipiti nusu saa anarudi tena chooni. Akikutana na mkewe, raha ikiisha maumivu yanaanza, na yanaweza kulala naye hadi kesho yake.

Jibu langu ni kwamba kipimo safi na maumivu ya kweli huweza kukaa katika mwili mmoja. Hali hiyo madaktari huiita maumivu sugu ya nyonga, na si ugonjwa wa mtu mmoja mmoja. Tafiti za nchi mbalimbali zimekuta dalili za namna hii kwa wanaume kati ya 2 na 10 katika kila 100. Humpata kijana aliyemaliza chuo juzi na humpata baba mwenye wajukuu.

Sura hii haimfundishi mtu kujitibu. Inamfundisha kuyatambua maumivu yake na kuyasema, maana ugonjwa huu hakuna mashine inayoutangaza. Mgonjwa mwenyewe ndiye mwenye ushahidi, na asipoutoa vizuri, atatibiwa ugonjwa mwingine.

Maneno tunayoyahitaji

Mwanaume akiulizwa anaumwa wapi, mara nyingi husema "huku chini", kisha hunyamaza. Daktari mwenye foleni ndefu nje ya mlango akisikia "huku chini", huandika maambukizi ya njia ya mkojo, ile ambayo mtaani tumezoea kuiita UTI. Hapo ndipo safari ndefu ya dawa zisizosaidia inapoanzia. Sisemi hivyo kumlaumu daktari. Hakupewa maneno ya kufanyia kazi.

Neno la kwanza ni msamba. Vijana wa sarakasi wanaposema "kupiga msamba", wanazungumzia sehemu ile ile: nafasi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Ukipanda baiskeli, msamba ndio unaobeba uzito wako juu ya kiti. Wanaume wengi hufika utu uzima bila kulitamka neno hili mbele ya mtu, na kwa maradhi tunayoyazungumzia hapa, ni neno muhimu kuliko mengine yote.

Nyonga, kwa mazungumzo ya kila siku, ni pale paja linapoungana na kiwiliwili. Hapa nalitumia kwa upana zaidi: bakuli zima la mifupa kuanzia chini ya kitovu hadi msambani, pamoja na vilivyomo ndani yake, yaani kibofu cha mkojo, tezi dume, sehemu ya mwisho ya utumbo, misuli na mishipa ya fahamu.

Tezi dume ni tezi ya ukubwa wa ndimu ndogo iliyokaa chini ya kibofu. Njia ya mkojo hupita katikati yake, ndiyo maana tezi ikisumbuka mkojo nao husumbuka. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa.

Na sugu maana yake ni maumivu yaliyofikisha miezi 3 au zaidi, hata kama huja na kuondoka. Mtu aliyepata nafuu wiki mbili kisha yakamrudia hajaanza kuhesabu upya.

Ramani ya maumivu

Wanaume wenye hali hii hawaumwi mahali pamoja. Lakini ukiwasikiliza, maeneo yanayotajwa ni yale yale:

- Msamba. Ndipo panapotajwa sana. Wengine husema ni kama wamekalia kokwa la embe.
- Korodani, moja au zote mbili. Ni maumivu mazito ya kuvuta, lakini ukipapasa huoni uvimbe.
- Ncha ya uume. Huchoma hata mtu asipokuwa anakojoa.
- Kinena, na sehemu iliyo chini ya kitovu juu kidogo ya mfupa wa kinena.
- Kiuno, kifandugu, na mapaja kwa ndani.
- Ndani ya njia ya haja kubwa, kama kuna kitu kimejaa ambacho hakitoki.

Ncha ya uume huwahangaisha watu kupita kiasi. Mtu anahisi moto pale, anakamua aone kama kuna usaha, haoni. Kesho anakamua tena. Kule kukamua kwenyewe kunaiwasha njia ya mkojo, na sasa ana moto wa aina mbili. Aelewe kwamba maumivu ya ncha huweza kuwa yametoka mbali. Mishipa ya fahamu ya eneo hili husafiri pamoja kuelekea uti wa mgongo, na ubongo ukipokea taarifa iliyotoka kwenye misuli ya msamba huweza kuihisi kama imetoka kwenye uume. Ndivyo anavyofanyiwa mtu mwenye shida ya moyo anayeumwa mkono wa kushoto wakati mkono wenyewe ni mzima.

Baada ya mahali, angalia wakati. Dereva wa bodaboda huanza siku akiwa salama, na kufikia alasiri hawezi tena kukaa sawa kwenye siti; anaegemea upande mmoja wa makalio. Fundi cherehani huinuka kila baada ya shati moja kujinyoosha. Dereva wa lori la kwenda Tunduma husimamisha gari mahali pasipo na sababu, azunguke tu. Kukaa muda mrefu huyachochea maumivu haya, na mwenye nayo hujikuta amejifunza mbinu za kukwepa kukaa bila hata kujua kwamba ni mbinu.

Kuna dalili moja ndogo ambayo wagonjwa huona haya kuitaja. Akikaa kwenye kiti kigumu anaumia, lakini akikaa kwenye choo cha kukaa anapata nafuu. Sababu ni kwamba choo kina tundu katikati, msamba haukandamizwi. Kama ndivyo ilivyo kwako, na kama maumivu hayakuamshi usingizini, mwambie daktari hayo mawili kwa pamoja. Humwelekeza kuuchunguza mshipa wa fahamu unaohudumia msamba, uume na njia ya haja kubwa, ambao pengine umebanwa mahali.

Mkojo, na chumba cha kulala

Kwa upande wa mkojo, malalamiko ni kwenda mara kwa mara, kubanwa ghafla, mkojo kutoka kwa unyonge, na kujisikia kwamba kibofu hakijaisha. Mzee mwenye tezi dume iliyokua naye hulalamika hivyo hivyo, na ndiyo maana kijana wa miaka 30 huambiwa "una tezi" akarudi nyumbani amevunjika moyo. Tofauti iko kwenye maumivu. Kukua kwa tezi kwa sababu ya umri kwa kawaida husumbua mkojo bila kuuma. Pale maumivu yanapotangulia na mkojo ukafuata nyuma, fikiria hali hii.

Dalili inayouma kuliko zote, kwa mwili na kwa moyo, ni ile ya baada ya tendo la ndoa. Maumivu wakati wa kutoa shahawa au muda mfupi baadaye, msambani, kwenye korodani au kwenye ncha, ni miongoni mwa alama zinazoutofautisha ugonjwa huu na mengine ya eneo hilo. Nasisitiza kwa sababu ndiyo dalili inayofichwa sana. Mume huanza kuchelewa kulala, huangalia mpira hadi mke asinzie, husingizia uchovu. Mke huona amechokwa, au kuna mwingine. Nyumba inaingia baridi kwa sababu ya misuli na mishipa ya fahamu, na hakuna hata mmoja kati yao anayelijua hilo.

Kisha uume unaanza kusita, au shahawa zinatoka mapema mno. Mwili uliofundishwa kwamba raha huleta adhabu huanza kuiogopa raha yenyewe. Hapo mabango ya kuuza dawa za nguvu za kiume humpata mteja. Fedha zinakwenda kutibu matokeo, maumivu yaliyosababisha hayaguswi.

Ukishapimwa na ikathibitika huna maambukizi ya zinaa, hakuna unachomwambukiza mkeo. Maumivu haya yenyewe hayaambukizi. Mwambie. Ningependa aingie nawe kwenye chumba cha daktari. Mara nyingi mke anakumbuka yalipoanza vizuri kuliko mume.

Dozi ya nne

Mazungumzo haya utayasikia katika duka la dawa lolote:

"Kaka, ile dozi ya juzi haijamaliza."

"Ulipata nafuu?"

"Nilipata, ikarudi."

"Basi ni sugu hiyo. Chukua cipro ya siku kumi, tuweke na sindano."

Muuzaji amesema "sugu" akimaanisha vijidudu vilivyoshinda dawa. Kwa wagonjwa wengi wa aina hii vijidudu havikuwapo tangu mwanzo.

Zamani kila mwanaume mwenye maumivu haya aliambiwa ana maambukizi ya tezi dume. Mwaka 1995 wataalamu walikutanishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani wakayagawa upya maradhi hayo ya tezi dume katika makundi 4. La kwanza ni maambukizi ya ghafla ya bakteria, yenye homa kali. La pili ni maambukizi ya bakteria yanayorudi tena na tena, kwa kawaida kijidudu kile kile. La tatu ni maumivu sugu ya nyonga yasiyo na kijidudu kinachoonekana. La nne ni uvimbe wa tezi usio na dalili yoyote, unaogunduliwa kwa bahati mtu akipimwa kitu kingine. Kwa wanaume wanaolalamika maumivu ya muda mrefu, zaidi ya 90 katika kila 100 huangukia kundi la tatu. Wenye bakteria hawafiki 10.

Watafiti wa Marekani walikwenda mbele zaidi. Walichukua wanaume wenye maumivu na wanaume wazima, wakatafuta bakteria wa njia ya mkojo kwa makundi yote mawili, na wakawakuta kwa kiwango kile kile, kama 8 katika kila 100. Yaani bakteria walikuwamo hata kwa wasioumwa. Kisha mwaka 2004 yakatoka matokeo ya jaribio la wanaume 196 waliokuwa wameugua kwa muda mrefu. Wengine walipewa siprofloksasini, ndiyo hiyo cipro, kwa wiki 6. Wengine dawa ya kulegeza njia ya mkojo. Wengine zote mbili. Wengine vidonge visivyo na dawa ndani. Waliomeza dawa hawakuwashinda kwa kiasi cha maana waliomeza vidonge vitupu.

Sasa, kwa nini yule mteja alisema alipata nafuu? Hakusema uongo. Maumivu haya yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe, na mtu huenda dukani yakiwa yamepanda juu kabisa. Baada ya siku chache yangeshuka hata bila dawa, lakini dawa ndiyo inayosifiwa. Na yakipanda tena, inatafutwa ile ile.

Madhara yapo. Dawa za jamii ya cipro zinaweza kudhuru kano, zile kamba zinazounganisha misuli na mifupa, hasa ya kisigino, hata ikakatika. Na kila dozi isiyo na kazi huwafundisha bakteria wengine wa mwilini namna ya kuishinda dawa, ili siku utakapougua kweli isikusaidie.

Nina ombi moja tu hapa. Kabla ya kumeza dozi nyingine, omba mkojo uoteshwe. Kuotesha ni kuuweka mkojo kwenye chakula cha vijidudu maabara kwa siku moja hadi tatu, ionekane kama kuna kinachoota na ni dawa ipi inakiua. Wakati mwingine daktari huikanda tezi dume kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, na mkojo hupimwa kabla na baada ya hapo. Kipimo hicho ni cha dakika chache, na wanaume wengi hukikataa kwa aibu. Najua aibu hiyo. Lakini mtu aliyekuwa akimeza vidonge kwa miezi minane kwa kukwepa dakika mbili amejitoza bei kubwa mno.

Kwa kifupi mpaka hapa:

- Maumivu ya msamba, korodani, ncha ya uume au chini ya kitovu, yaliyofikisha miezi 3.
- Huongezeka kwa kukaa au baada ya kutoa shahawa.
- Mkojo unasumbua, lakini maumivu ndiyo yanayotawala.
- Vipimo vya vijidudu ni safi, au dawa zimetumika na hali imerudi.

Kamba zilizokazwa mno

Basi kama si kijidudu, ni nini? Kwa kila mgonjwa jibu linatofautiana, na mara nyingi sababu ni zaidi ya moja. Lakini mbili hujitokeza kwa wengi.

Ya kwanza ni misuli. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama kitanda cha kamba, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Juu yake vimelala kibofu, tezi dume na utumbo. Kamba zikilegea kitanda kinabonyea, lakini zikikazwa mno nazo hulia. Kunja ngumi kwa nguvu, uiache hivyo wakati unasoma ukurasa huu mpaka mwisho. Utaanza kuhisi joto, kisha uchovu, kisha maumivu yanayopanda mkononi. Wapo wanaume wanaoikunja misuli ya nyonga namna hiyo mchana kutwa, kwa wasiwasi wa kodi ya nyumba, kwa mazoea ya kubana mkojo safarini, au kwa sababu waliwahi kuumwa kweli mahali pale na mwili ukabaki umejikunyata. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia akibonyeza misuli hiyo kwa ndani, mgonjwa huruka: "Hapo hapo!"

Kwa hiyo nakutahadharisha kuhusu yale mazoezi ya kukaza misuli ya msamba yanayosambazwa kwenye simu kama tiba ya kila kitu cha kiume. Kwa mwenye misuli iliyolegea yanafaa. Kwa mwenye misuli iliyokazana tayari, ni kuongeza fundo juu ya fundo. Huyo anahitaji kufundishwa kulegeza, kwa kupumua taratibu hadi tumboni na kwa mikono ya anayejua kazi.

Ya pili ni mfumo wa fahamu wenyewe. Nyumba iliyowahi kuvunjwa na wezi, mbwa wake hubadilika. Zamani alibweka mtu akigusa geti; sasa anabweka jani likidondoka. Hana ugonjwa, na hasemi uongo, amejifunza tu kuogopa kupita kiasi. Mishipa ya fahamu iliyopitisha maumivu kwa miezi mingi huweza kuwa hivyo, ikapiga kelele kwa mguso ambao zamani haukuwa kitu, kama vile suruali ya jinzi iliyobana au kibofu kilichojaa nusu.

Naeleza hivi kwa sababu kuna sentensi imewaumiza wanaume wengi: "Ni mawazo tu." Mawazo huyachochea maumivu haya, ni kweli, na maumivu nayo huzaa mawazo, usingizi ukapotea, mtu akawa mkali kwa watoto bila kosa. Lakini mbwa akibweka, sauti yake ni ya kweli. Kama umefikia kukata tamaa ya kuishi, mwambie daktari wako na ndugu mmoja unayemwamini leo hii, usingoje miadi.

Yanayofanana nayo kwetu

Kabla hujajibandika jina hili, yapo maradhi ya kwetu ya kuondolewa kwanza.

Kichocho natamani kila mwanaume wa Afrika Mashariki akifahamu vizuri. Ni minyoo inayoingia kupitia ngozi mtu akioga au kulima kwenye maji yenye konokono wanaoibeba. Aina inayoshambulia njia ya mkojo imekuwapo muda mrefu Unguja na Pemba, katika mwambao, na katika vijiji vya bara vyenye mabwawa na majaruba ya mpunga. Mayai yake hukaa kwenye ukuta wa kibofu, huweza kufika hadi kwenye tezi dume, yakaleta maumivu ya kinena na hata damu kwenye shahawa. Alama yake inayojulikana ni damu inayotoka mwishoni mwa kukojoa. Utotoni wengi tuliiona kwa wenzetu tukaichukulia kama hatua ya kukua, na huenda kuna mtu mzima aliyetoka nayo kijijini hadi mjini. Kama uliwahi kuogelea kwenye maji ya namna hiyo, mwambie daktari, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Mayai hutoka kwa wingi katikati ya mchana, kwa hiyo mkojo wa kipimo hiki unafaa uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Kupimwa alfajiri na kuambiwa huna si jibu la mwisho. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na ni rahisi kuimeza.

Neno ngiri nalo limebebeshwa mzigo mkubwa. Mtaani huitwa ngiri maumivu ya kinena, korodani kupanda, kuishiwa nguvu za kiume, na mengine mengi, na dawa za mitishamba huuzwa kwa jina hilo moja. Ngiri ya hospitali ni sehemu ya utumbo iliyopenya kwenye ukuta wa tumbo: uvimbe hutokeza kinenani ukikohoa au ukinyanyua mzigo, na hurudi ukilala. Hiyo hutengenezwa kwa upasuaji. Kama hujawahi kuona uvimbe, huenda unachoitiwa ngiri ndicho tunachokizungumza katika sura hii.

Busha ni maji kwenye mfuko wa korodani. Huwa zito, kwa kawaida haliumi. Jiwe la figo huuma kwa mawimbi makali kutoka ubavuni kushuka hadi kinenani. Kifua kikuu, licha ya jina lake, huweza kukaa kwenye figo, korodani na tezi dume, na ishara mojawapo ni mkojo wenye seli nyingi za kinga ambao ukioteshwa kwa njia ya kawaida hauoti kitu.

Saratani ya tezi dume ndiyo hofu iliyojificha nyuma ya maswali yote. Katika hatua zake za mwanzo kwa kawaida haiumi. Na ukipimwa damu kwa kipimo kiitwacho PSA, kinachopima protini itokayo kwenye tezi dume, kikaja juu, usianze kuandika wosia: tezi iliyovimba huweza kukipandisha, na hata kukutana kimwili siku moja au mbili kabla ya kupima.

Usisubiri hata siku moja

Dalili hizi si za kuandika kwenye daftari. Ni za kwenda hospitali sasa:

- Maumivu makali ya ghafla ya korodani moja, hasa kwa kijana. Korodani huweza kujisokota na kukata damu yake, na uwezekano wa kuiokoa hupungua haraka baada ya saa 6.
- Homa ya kutetemeka pamoja na maumivu ya msamba na shida ya kukojoa.
- Mkojo kugoma kabisa.
- Ganzi msambani na makalioni, miguu kuishiwa nguvu, au haja kujitokea.

Damu kwenye mkojo, uvimbe mgumu kwenye korodani, kupungua uzito bila sababu, na maumivu ya mifupa ya mgongo yanayozidi usiku kwa mtu mwenye umri mkubwa, hayo nayo yafikishwe kwa daktari wiki hiyo hiyo.

Daftari la wiki mbili

Kama hakuna hata moja kati ya hizo, nunua daftari dogo. Kila jioni, kwa wiki 2, andika yafuatayo: yaliuma wapi, yaliuma kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10, ulikaa saa ngapi, ulikojoa mara ngapi, na kama ulirudi kabla ya saa 2 kupita, kama ulikutana na mkeo na nini kilifuata, ulilalaje. Mistari sita inatosha.

Maswali hayo sikuyatunga hewani. Madaktari wa mkojo wana fomu ya maswali ya aina hiyo iliyotoka mwaka 1999, ambayo alama zake huanzia 0 hadi 43. Hutumika kupima kama tiba inasonga, na alama zikishuka 6 huhesabiwa kuwa mgonjwa amepata nafuu ya kweli. Swali lake la mwisho humuuliza mgonjwa angejisikiaje kama maisha yake yote yaliyobaki yangekuwa kama wiki iliyopita. Lijibu mwenyewe kabla ya kwenda, uandike jibu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari.

Siku ya kwenda, omba kuonana na daktari wa mkojo kama yupo. Kama hayupo, daktari yeyote atakayekupa dakika kumi. Ukiingia, usianze na "nina UTI sugu". Acha jina la ugonjwa, mpe maumivu yenyewe. Unaweza kusema hivi, ukibadilisha yanayokuhusu:

"Shikamoo daktari. Nina miezi saba naumwa msamba, na korodani ya kushoto. Nikikaa saa moja inazidi, nikisimama inapungua. Nikitoa shahawa inauma mpaka kesho yake. Nimekunywa dozi tatu za cipro, mkojo haujawahi kuoteshwa. Utotoni niliogelea bwawani. Sina homa, sijaona damu. Nimeandika kila siku kwa wiki mbili, daftari hili hapa."